Juma Moja Nyumbani kwa Akila na Priskila
(Somo la kusomwa nyumbani au katika vikundi vya mtaa)



Somo la safari hii linahusu mume na mke waliofanya kazi ya umisioni ugenini, na tutaliangalia juma lao siku kwa siku. Kabla ya kuendelea, kila mmoja afungue Biblia yake asome Matendo ya Mitume sura ya 18 yote, kisha Warumi 16:3-5, 1 Wakorintho 16:19 na 2 Timotheo 4:19. Asiye na Biblia aketi karibu na mwenye nayo. Mtu anayesoma maelezo yangu kabla ya kusoma Maandiko anafanana na mwanafunzi anayetazama majibu nyuma ya kitabu kabla ya kujaribu hesabu.

1. Walikuwa nani?

Sisi wa umri wangu tukisikia neno "mmisionari" tunamwona Padre Mzungu mwenye kanzu nyeupe, aliyekuja kwa meli, hana mke wala mtoto. Wengi wa wamisionari wa UMCA, waliofika Unguja mwaka 1864, waliishi hivyo kweli, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini katika Agano Jipya tunakuta namna nyingine ya umisioni, iliyo ya zamani zaidi: mume na mke wenye ufundi wao, wanaohama na vifaa vyao vya kazi.

Akila alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Ponto, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Alikuwa akikaa Rumi pamoja na mkewe Priskila, ambaye pia huitwa Priska. Kaisari Klaudio akatoa amri Wayahudi waondoke Rumi. Wataalamu wengi huliweka jambo hilo mwaka 49. Basi wakaenda Korintho, na huko Paulo akawakuta. Hatusomi hadithi ya kubuni hapa. Huko Delfi, katika nchi ya Uyunani, yalipatikana maandishi ya kale juu ya jiwe yanayomtaja Galio, yule liwali wa Matendo 18:12, nayo yanaonyesha kwamba alikuwa madarakani yapata mwaka 51 au 52.

Angalieni vizuri. Walipofika Korintho hawakutumwa na kanisa lolote. Walifika kama watu waliofukuzwa. Baadaye tu, walipovuka bahari pamoja na Paulo kwenda Efeso na kubaki huko, tunawaona wakisafiri kwa ajili ya kazi ya Bwana. Tena tunawakuta Rumi, katika Waraka kwa Warumi, ambao kwa hesabu ya wengi uliandikwa yapata mwaka 57. Na katika 2 Timotheo wanasalimiwa tena, pamoja na Timotheo ambaye kazi yake ilikuwa Efeso. Chora ramani ndogo katika daftari lako: Ponto, Rumi, Korintho, Efeso, Rumi, Efeso. Watu wanaosalimiwa mwishoni mwa safari hizo ni wakongwe wa kazi.

2. Siku za kazi

Paulo aliingia nyumbani kwao kwa sababu walikuwa wa kazi moja, kushona mahema. Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, moja kila upande wa nchi, na wasafiri walikuwa wengi. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua huko safu za maduka madogo kando ya uwanja wa soko. Tukitaka kumwona mmisionari siku ya Jumatatu, tumtafute mahali pa namna hiyo: ameinama, ana sindano nene mkononi, vidole vina sugu, na mteja amesimama mbele yake anabishana bei.

Kazi hiyo haikuwa ya kupoteza muda wakingojea ibada. Kwanza, iliwalisha, hawakumlemea mtu. Soma Matendo 20:34, Paulo anavyowakumbusha wazee wa Efeso juu ya mikono yake. Pili, iliwaweka kati ya watu. Mteja aliyekuja kushonewa turubai alisikia mazungumzo yao, aliwaona wanavyosemezana mume na mke, na alijua kama kipimo chao ni cha haki. Kabla hajasikia mahubiri alikuwa amekwisha kuyaona.

Huko Efeso Paulo alifundisha kila siku katika darasa la Tirano (Matendo 19:9). Baadhi ya nakala za kale za kitabu hicho huongeza kwamba alifundisha tangu saa tano hata saa kumi. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kugeuza hesabu, maana watu wa zamani zile walihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, kama sisi. Saa tano hata saa kumi ni wakati wa jua kali, wakati wenyeji wa nchi zile wanapopumzika. Yaelekea basi kazi ya mikono ilifanyika asubuhi na mapema, na mafundisho yalifuata wakati wengine wamelala.

3. Sabato

Hapa msomaji wa Kiswahili asichanganyikiwe. Jina letu la Jumamosi lina maana ya siku ya kwanza ya juma, lakini kwa Wayahudi siku hiyo ni ya saba, ndiyo Sabato. Na Jumapili yetu ndiyo siku yao ya kwanza. Tena siku yao huanza jua linapotua, kama wazee wetu wa pwani walivyohesabu. Basi Ijumaa jioni sindano ziliwekwa chini. Siku ya pili yake walikwenda katika sinagogi, na kila Sabato Paulo alizungumza na Wayahudi na Wayunani (Matendo 18:4).

Kumbuka kwamba hawa ni watu walioondoshwa Rumi kwa sababu tu ya kuwa Wayahudi. Wangeweza kujificha. Walakini walipofika mji mgeni walikwenda kuketi na watu wao, wakasikiliza Maandiko yakisomwa, hata pale ambapo wahubiri walikuwa hawajafika mbali katika imani. Jambo hili litatusaidia katika sehemu ya 5.

4. Siku ya kwanza ya juma

Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho uliandikwa Efeso, wakati Akila na Priska wakikaa huko. Katika sura ya 16 mna mistari miwili tunayopaswa kuisoma pamoja. Mstari wa 2 unawaagiza Wakristo kila mtu aweke akiba ya changizo siku ya kwanza ya juma. Mstari wa 19 unaleta salamu za Akila na Priska pamoja na kanisa lililomo nyumbani mwao.

Kanisa nyumbani mwao! Ndugu zangu, kabla hamjasema "amina" kwa furaha, fikirini kazi yake. Nani alifagia? Nani alichota maji? Nani alihamisha vitambaa na ngozi na mahema ambayo hayajamalizika, ili watu wapate pa kuketi? Na wageni walipoondoka, nani aliosha vyombo? Walakini walifanya hivyo Efeso, na walipohamia Rumi walifanya hivyo tena (Warumi 16:5). Kila walipopanga nyumba, walipanga na nafasi ya kanisa.

5. Jioni moja na Apolo

Siku moja alifika Efeso mtu aitwaye Apolo, mzaliwa wa Iskanderia, msemaji hodari, mwenye elimu kubwa ya Maandiko. Akanena kwa ujasiri katika sinagogi. Lakini elimu yake ilikuwa na pengo: aliujua ubatizo wa Yohana tu. Priskila na Akila walikuwapo, wakasikia pengo hilo.

Hawakusimama kumkatiza. Hawakunong'onezana mlangoni. Walimkaribisha kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa ukamilifu zaidi. Aliyefundishwa ni msomi wa mji mkubwa. Waliomfundisha ni mafundi wa mahema, na mmoja wao ni mwanamke, ambaye mara nyingi jina lake hutajwa kwanza. Naye Apolo alikubali. Baadaye ndugu walimwandikia barua ya kumtambulisha, akaenda Akaya, akawasaidia sana waumini wa Korintho, kanisa lile lile ambalo Akila na Priskila waliliona likizaliwa. Paulo mwenyewe anashuhudia kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji (1 Wakorintho 3:6). Maji hayo yalichotwa katika nyumba ya washona mahema.

6. Kosa langu mwenyewe

Sitakuwa mwaminifu nikiishia hapo. Kwa miaka mingi nilifundisha katika chuo cha ualimu. Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa na daftari langu, na kanuni moja tuliyoishika wakufunzi wote ni hii: kamwe usimsahihishe mwanachuo mbele ya watoto anaowafundisha. Mwache amalize, kisha mwite kando.

Mwaka wa kwanza wa kustaafu kwangu, kijana mmoja wa mtaa wetu alipewa nafasi ya kuhubiri kwa mara ya kwanza. Alisema vizuri, ila alimweka Paulo kati ya wale thenashara waliotembea na Bwana Yesu Galilaya. Wakati wa matangazo nikasimama, mbele ya kanisa zima, nikamsahihisha kwa sura na mstari. Wengine walicheka. Nikaketi nikiwa nimeridhika.

Njiani mke wangu hakusema neno. Tulipofika mlangoni akaniambia, "Baba Neema, hata wanachuo wako ulikuwa ukiwaita ofisini."

Jumapili iliyofuata kijana hakuja, wala iliyofuata hiyo. Nilijua la kufanya, lakini ilinichukua miezi mitatu kulifanya, kwa maana ni vigumu kwa mzee kumwomba radhi mtoto. Hatimaye nilimkuta kwenye kibanda anapotengeneza baiskeli. Aliponiona alisimama, akafuta mkono wenye grisi, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Niliitikia marahaba kwa aibu, nikamwambia nimemkosea. Akajibu, "Yamekwisha, Mwalimu." Pasaka alirudi kanisani, akaketi karibu na mlango. Siku za Alhamisi huja kwetu. Mke wangu hutuwekea chai na mihogo, nasi watatu tunasoma Injili ya Luka. Lakini mpaka leo hajakubali kuhubiri tena. Nimemwomba Mungu anisamehe, naamini amenisamehe. Hata hivyo mimbari yetu imekosa sauti moja kwa sababu yangu.

Sasa Padre ametuomba mimi na mke wangu twende kukaa mwaka mmoja katika mtaa mpya ulio mbali, kati ya wahamiaji, hakuna katekista. Nilitaka kukataa. Nilisema tumezeeka. Ukweli ni kwamba nilimkumbuka kijana yule, nikaogopa kupewa watu wengine wa kuwavunja moyo. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kutafuta mbao za kufungia cherehani yake. Alisema huko atashona, na mimi nitaweza kufungua mlango na kuwakaribisha watu ndani, kuhubiri kutafuata. Nimemjibu Padre kwamba tutakwenda baada ya mavuno.

Ndugu msomaji, juma la Akila na Priskila lilikuwa na siku sita za kazi, na humo ndimo umisioni wao mwingi ulimofanyika. Serikali inaweza kutustaafisha darasani, lakini mlango wa nyumba yako bado uko mikononi mwako, na busara ya kumwita mtu kando haihitaji cheti.

7. Maswali ya kujadili

(a) Katika Matendo 18, Akila na Priskila walifanya kazi zipi? Ziandike zote, za mikono na za mafundisho, kisha ueleze jinsi zilivyosaidiana.

(b) Kwa nini walimkaribisha Apolo nyumbani badala ya kumjibu katika sinagogi? Ingekuwaje kama wangemwaibisha?

(c) Katika mtaa wetu kuna wazee waliostaafu, mume na mke, wenye ujuzi gani? Kanisa limewaomba nini mpaka sasa?

(d) Je, yuko mtu aliyeacha kuja kanisani kwa sababu ya maneno yako? Swali hili usilijibu mbele ya wenzako. Lijibu kwa miguu yako, kabla Jumapili haijafika.

Tuombe: Ee Bwana, uliyewapa Akila na Priskila kazi ya mikono na nyumba ya kukaribishia, utufundishe kukutumikia siku zote za juma. Utupe masikio ya kusikia lililopunguka kwa mwenzetu, na upole wa kumweleza faraghani. Na sisi tulio wazee, usituache tuketi bure. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.