Somo: Vinundu vya Mizizi ya Mikunde

Mwanachama auchimbuapo mkunde taratibu kwa jembe, wakati unapotoa maua, huona vinundu vidogo mizizini. Wengine hudhani ni ugonjwa. Sivyo. Ndani yake mmejaa bakteria waitwao rizobia, ambao huchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa kwa sukari. Jambo hili lilithibitishwa Ujerumani na Hellriegel na Wilfarth katika miaka ya 1886 hadi 1888, na mwaka 1888 Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wenyewe.

Kinundu na kipasuliwe kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe, ama bado ni kichanga, ama bakteria wake hawafai.

Kunde na mbaazi, mazao yavumiliayo ukame, kwa kawaida huwakuta bakteria wao katika udongo wa Afrika. Soya ni mgeni kutoka Asia ya Mashariki, na mara nyingi hawakuti wake. Ndiyo sababu mbegu yake hupakwa bakteria wa pakiti. Hapo ndipo fedha za chama hupotelea. Pakiti hiyo ina viumbe hai, wala si mbolea ya kurundikwa ghalani chini ya bati la moto. Iwekwe mahali pa baridi, itumike kabla ya tarehe iliyoandikwa, mbegu zipakwe kivulini na kupandwa siku ile ile katika udongo wenye unyevu. Pakiti zilizoshinda juani juu ya lori, katibu azikatae, hata kama karatasi za mzigo zimekwisha kutiwa sahihi.