Nimemaliza shule, mbona nalia?

SWALI: Nimemaliza kidato cha nne Novemba hii na bweni nimeliaga. Nyumbani wananipongeza, lakini usiku nalia. Nina kasoro?

JIBU: Huna, mwanangu. Miaka minne kengele imekuamsha, ikakupeleka paredi, darasani, prepo. Sasa siku nzima ni yako, na matokeo ni mpaka Januari. Pengo hilo linauma, na zaidi linauma kuachana na wale mliogawana sabuni na siri. Lia, wanastahili machozi hayo. Ila wengi watabadili laini, kwa hiyo andika daftarini namba zao na za wazazi wao. Mama naye mwambie. Huenda anadhani umechoka tu. Usingizi na hamu ya kula vikipotea na visirudi baada ya wiki mbili, nenda kituo cha afya ukazungumze na mhudumu.