Msaada wa Mbeere na Tharaka upangwe Agosti

Kila ukame unapouma, makanisa ya nyanda za juu, kuanzia Manyatta na Runyenjes hadi Chogoria na Nkubu, hukusanya mahindi na maharagwe, na lori likashuka hadi Ishiara au Kiritiri kule Mbeere, au Marimanti kule Tharaka. Moyo ni mwema na chakula huliwa. Tatizo ni mwezi. Lori hilo mara nyingi hufika Februari au Machi, wakati mbuzi ameshauzwa kwa bei ya kutupa, mbegu imeshapikwa na msichana wa shule ameshapelekwa mjini kufanya kazi ya nyumbani. Ukiwa mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya parokia, au mzee wa kanisa aliyekabidhiwa sadaka ya njaa, mkutano wako wa kwanza uitishe Agosti.

Mbeere na Tharaka hupata mvua mara mbili kwa mwaka, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo mkulima anayoitegemea zaidi. Mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu huo. Usome sambamba na taarifa ya kila mwezi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, ambayo hutolewa kaunti kwa kaunti, Embu, Meru na Tharaka Nithi zikiwemo. Ndani yake tafuta bei mbili: ya mbuzi na ya mahindi. Mbuzi akishuka huku mahindi yakipanda, jua watu wameanza kuuza mali ili wale, hata kama gazeti halijaandika neno njaa. Shilingi ya kanisa huwa na nguvu zaidi wakati huo kuliko wakati wowote utakaofuata. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikatika misimu mitano mfululizo sehemu kubwa ya maeneo kame ya Kenya, na familia zilizosaidiwa mapema zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki na mbuzi wa kuanzia.

Ikiwa pesa ni kidogo, nunua mbegu. Hapa ndugu zetu wa juu hukosea sana, kwa sababu hubeba wanachokijua. Mahindi kama H614 yalitengenezewa nyanda za juu na huchukua miezi 6 au zaidi shambani. Mvua ya Siakago haidumu hivyo. Nunua ndengu aina ya N26, ambayo hukomaa kwa siku 65 hivi, mtama wa Gadam unaochukua takriban miezi 3, kunde na mawele. Wataalamu wa shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, pale Embu na maafisa wa kilimo wa wadi watakuambia kipi kinafaa udongo upi, na ushauri huo hautozwi. Ukinunua pakiti, kwangua kibandiko cha wakaguzi wa mbegu, KEPHIS, na utume namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, maana mbegu bandia hujaa madukani msimu ukikaribia. Mbegu iwe mikononi mwa mkulima kabla ya wiki ya pili ya Oktoba. Wengi hupanda ardhi ikiwa bado kavu ili tone la kwanza liikute mbegu chini, na anayepewa mbegu Novemba huila. Simlaumu hata kidogo.

Kuhusu majina, usiende na orodha kutoka kanisani. Omba chifu aitishe baraza, lakini usimwachie chifu wala padri kazi ya kuchagua. Uliza watu wenyewe: katika kijiji hiki, nyumba isiyo na kitu inatambulikaje? Watakutajia vitu ambavyo fomu yako haina. Nyanya anayelea wajukuu watatu. Mtu aliye na shamba lakini hana wa kulilima. Nyumba ambayo moshi huonekana jioni tu. Wanawake wakae kando kidogo watoe orodha yao, kisha orodha zote mbili zisomwe kwa sauti, ziandikwe kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani kwa duka kwa siku 3 kabla ya kugawa. Nimeona jina la mama mkwe wa mjumbe wa kamati likifutwa kwa kalamu nyekundu mchana kweupe, na pasiwe na ugomvi, kwa kuwa aliyelifuta alikuwa jirani na sababu zake zilisikiwa na wote. Siku 3 hizo zinafanya kazi kubwa kuliko mkaguzi yeyote wa hesabu.

Chakula au pesa? Tembelea soko kwanza. Kama Ishiara au Gatunga kuna wauzaji na gorogoro la mahindi halipandi bei kila wiki, tuma pesa kwa M-Pesa. Mama atanunua anachokosa, na mfanyabiashara wa hapo hatafilisika kwa sababu yako. Kama soko ni tupu, peleka chakula, ila yakague mahindi kabla hayajapakiwa. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, sumu ya aflatoksini iliwafanya watu 317 kuugua, na 125 kati yao walikufa. Walikula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kipimo ni rahisi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha yatulie dakika 10. Chumvi ikigandamana na kioo, gunia hilo bado ni bichi, lirudishe juani hata kama mtoaji ni mzee wa kanisa na amekuja nalo mwenyewe. Beba pia utepe wa kupima mkono wa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, ukiwa na mhudumu wa afya ya jamii. Mtoto ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 11.5 apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, asisubiri zamu ya mgao.

Mahubiri yawe Jumapili. Siku ya mgao usiimbishe mtu mwenye njaa, usimwambie ashuhudie, usimpige picha akiwa ameinama kuinua gunia. Muumini wa dhehebu lingine, awe Muakorino au Mkavonokia, na asiyeingia kanisa lolote wasimame foleni moja na mwenyekiti wa kwaya. Wakifika nyumbani watajua aliyekutuma ni nani.

Maji yanahitaji subira ambayo kamati nyingi hazina. Tazama Tuuru, kule Igembe. Bruda Giuseppe Argese wa Wamisionari wa Consolata alianza miaka ya 1960 kwa kukitafutia maji kituo cha watoto wenye ulemavu, akayakinga katika msitu wa Nyambene, na mabomba yakazidi kuteremka hadi nyanda kavu za chini. Alikaa na kazi hiyo miongo kadhaa. Kanisa lako haliwezi kutoa miongo, basi lianze na paa la shule au zahanati. Paa la mabati la mita 10 kwa 8 likipata mvua ya milimita 30 hukusanya karibu lita 2,400. Toa robo hivi kwa kumwagika, bado una mitungi 90 ya lita 20 kutoka mvua moja. Kabla ya kununua tangi kaeni na wenye shule au zahanati hiyo mwandike nani anashika ufunguo, kila nyumba inatoa kiasi gani kwa mwezi na nani anaitwa bomba likipasuka. Mifereji ya paa inunuliwe siku moja na tangi. Ikiachwa kwa awamu ya pili, Novemba hupita na tangi likabaki kavu, huku maji yakitiririka mlangoni.