Diplome Itatusaidia Nini?

Somo la kuzungumza katika vikundi



Kuna neno linalotembea sana siku hizi katika uwanja wa masomo, na zaidi katika kalasi ya nne ya humanites, ile ambayo wengi wetu tungali tunaiita ya sita. Neno lenyewe ni hili: «Benye balisoma beko wapi?» Kisha wenye kusema wanaanza kuhesabu. Kaka fulani ana lisanse ya sheria, anauza yunite chini ya mwavuli. Mwingine anafundisha miaka mingi bila mshahara wa Serikali, kwa kuwa jina lake halijaingia katika listi. Ni wale tunaowaita N.U. Na yule aliyeacha masomo katikati ya njia ana pikipiki mbili barabarani, tena amejenga nyumba ya mbao na kuipaka rangi. Halafu wanauliza: «Sasa siye tunasoma ya nini?»

Sisi tunaoandika kurasa hizi hatutaki kulijibu swali hilo kwa maneno matamu. Ukimwambia mwanafunzi wa Goma kwamba diplome ni ufunguo wa maisha, atacheka, naye atakuwa na haki. Lakini tusikimbilie kufunga daftari kabla ya kujua mashaka haya yametoka wapi.

Tarehe 30 Juni 1960, nchi yetu ilipopata uhuru, Wakongo wenye diplome ya universite hawakufika 30 katika nchi nzima. Universite ya Lovanium ilikuwa imefunguliwa mwaka 1954 tu. Wazungu walipoondoka, biro zilibaki wazi. Mtu mwenye miaka sita ya sekondari, hata minne, aliitwa, akapewa kiti, meza na mshahara. Babu zetu waliona hayo kwa macho yao, wakawaambia baba zetu: soma, utapata biro. Hawakusema uongo. Karatasi ilikuwa na bei kubwa kwa sababu wenye nayo walikuwa haba.

Kisha mambo yakageuka. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na kampuni za wageni zitapewa wananchi, na nyingi kati yake zikafa mikononi mwa waliozipokea. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka duniani, na nchi iliyokuwa ikila kwa shaba ikaingia katika madeni. Uporaji wa 1991 na 1993 ukaharibu kazi nyingi zilizokuwa zimebaki. Tangu mwanzo wa miaka ile ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu sawasawa, wazazi ndio walioanza kuwalipa. Ndiyo pesa tunayoiita prime, na shule nyingine zinaiita motivasyo. (Inachekesha kidogo: kwetu, neno lenye maana ya moyo wa kufanya kazi limekuwa jina la pesa.) Mwaka 2019 masomo ya msingi yalifanywa bure, lakini kwa sekondari wazazi walibaki na mzigo wao.

Wakati huohuo universite ziliongezeka. Hapa Goma ile ya makanisa ya Kiprotestanti, ULPGL, ilianza mwaka 1985, na baada yake zilikuja nyingine nyingi. Basi karatasi ziliongezeka, na viti vya biro vikapungua. Mwenye mashaka juu ya diplome si mvivu kwa lazima, kama wazazi wengine wanavyodhani. Amehesabu, na hesabu yake ina ukweli ndani yake.

Tena tuseme wazi, diplome imepoteza bei kwa mikono yetu wenyewe pia. Mtihani wa Serikali, Exetat, ulianzishwa mwaka 1967 ili mtoto wa Goma na mtoto wa Kinshasa wapimwe kwa kipimo kimoja. Kila anayenunua majibu anatoboa karatasi ya wenzake wote. Tajiri akimwona mwenye diplome asiyeweza kuandika barua ya mistari kumi, mwaka unaofuata hataangalia diplome ya mtu yeyote. Wanaosema kwa nguvu kwamba diplome haina maana, wengine wao ndio haohao wanaochanga pesa ya kuinunua.

Sasa tutenganishe vitu viwili ambavyo babu zetu hawakuwa na haja ya kuvitenganisha, yaani karatasi na kile ambacho karatasi inashuhudia.

Tuchukue mfano wa hapahapa. Karibu na Goma na Sake, katika mashimo na mabonde madogo ya mawe ya volkano, kuna hewa mbaya inayotoka ardhini. Wazee waliiita mazuku, na leo wataalamu wa volkano wa dunia nzima wanaandika neno hilo letu katika vitabu vyao. Wazee walijua kwamba mbuzi akishuka humo asubuhi anaweza asipande tena. Mwanafunzi aliyefahamu somo la kemia anajua zaidi: hewa ile ni kaboni dioksidi, uzito wa molekuli yake ni 44, na hewa tunayovuta ni karibu 29. Kwa hiyo inalala chini kama maji katika beseni. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua wakati mtoto aliye kando yake anaanguka. Na anayeinama kumwinua mtoto yule bila akili anaweza kuanguka naye.

Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, siku chache baadaye watu walihamishwa mjini, na wengi sana walikwenda Sake, upande uleule ambako mazuku yanajulikana. Walilala popote walipopata nafasi. Barabarani hakuna aliyeuliza diplome ya mtu. Lakini mwenye kujua kwamba mtoto asilazwe shimoni alikuwa amebeba kitu ambacho hakikuhitaji gari. Nambari zile mbili, 44 na 29, ziko katika daftari zetu. Wengi tunazinakili kwa ajili ya pointi, halafu tunasema masomo hayana kazi.

Mfano wa pili ni wa mtu mkubwa. Profesa Jean-Jacques Muyembe alizaliwa mwaka 1942. Alimaliza udaktari Lovanium mwaka 1969, akaenda Louvain, Ubelgiji, akapata doktora yake mwaka 1973 katika mambo ya virusi. Mwaka 1976 alipelekwa Yambuku, upande wa Equateur, ambako watu walikuwa wanakufa kwa homa isiyojulikana. Ndiyo iliyokuja kuitwa Ebola. Angalieni miaka hiyo vizuri: alijifunza virusi kabla ugonjwa wenyewe haujapata jina. Kama angalingoja kuona kwanza kazi ambayo masomo yake yatafanya, asingeanza.

Mwaka 1995 ugonjwa ulirudi, Kikwit. Huko wagonjwa 8 walitiwa damu ya watu waliopona, na 7 kati yao walipona. Wataalamu wengi wa nje hawakukubali, wakasema watu 8 ni wachache mno kuwa ushahidi. Miaka ikapita. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa katika jimbo letu, na mwezi wa Julai 2019 ikafika Goma. Tunakumbuka ndoo za maji ya klorini kila mlangoni. Mwezi wa Agosti 2019, majaribio yaliyofanywa hapa mashariki yakaonyesha dawa mbili zinazookoa watu, na moja kati yake imetokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka ule wa 1995. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, mwezi wa Juni 2020, ulikuwa umeua zaidi ya watu 2,200. Bila dawa na chanjo, nani angaliweza kusema hesabu ingefika wapi?

Tunajua, mtu atasema: «Uyo ni Muyembe, miye ni nani?» Ni kweli. Lakini kando yake walikuwako watu wa maabara, wauguzi, wenye kuandika majina ya waliomgusa mgonjwa, na hao walitoka katika shule kama yetu.

Sasa tuseme jambo ambalo halisemwi sana. Tumeangalia katika kalasi zetu, na tumeona kwamba mashaka juu ya diplome yanapanda juu sana katika juma lile wanafunzi wanaporudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali. Kijana anarudishwa Jumatatu; Alhamisi anaonekana kwenye kituo cha pikipiki akisema masomo ni bure tu. Ni rahisi kwake kusema «sipendi tena masomo» kuliko kusema «baba amekosa.» Neno la kwanza linamwachia heshima yake mbele ya wenzake. Katika vita ya Januari 2025 mabenki ya mji yalifungwa, kiwanja cha ndege pia, na wazazi wengi walipoteza kazi au wakabaki wanafanya kazi bila kulipwa. Basi kila mmoja wetu ajiulize kwa siri, kabla ya kuamua: mashaka yangu ni ya diplome au ni ya minervali? Kama ni ya minervali, hakuna hotuba itakayoyatibu, hata hii yetu. Aende kwa mwalimu wa kalasi, kwa mchungaji au kwa prefe, pamoja na mzazi wake, wapatane kulipa kidogokidogo. Kuna waliofanya hivyo na wakamaliza. Kinachomwondoa mtu shuleni zaidi ni haya ya kwenda kusema.

Kwa mabinti, mara nyingi mashaka si yao. Wanayakuta nyumbani yakiwa tayari: ataolewa, kwa nini tumalize pesa? Huyo usimwambie ajitie moyo. Zungumza na baba yake.

Tena kuna mashaka ya njia, ambayo si mashaka ya masomo. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu alipata diplome yake Institut Bwindi mwaka 1974. Alikaa miaka miwili katika politekniki huko Kinshasa, kisha mwaka 1976 akaanza upya, akaingia udaktari Burundi, akamaliza mwaka 1983. Hospitali ya Panzi ilianzishwa 1999, na tuzo ya Nobel ya amani alipewa 2018. Mwenye kuteswa na opsyo yake asidhani kwamba anateswa na shule nzima.

Na wale wanaosema «heri kazi ya mikono»? Hatushindani nao. Mji wetu umesimamisha sanamu ya chukudu, haujasimamisha sanamu ya diplome, na kuna sababu! Tunachokataa ni kuambiwa tuchague. Paulo alisoma miguuni pa Gamalieli (Matendo 22:3), na huko Korintho alishona mahema ili ale (Matendo 18:3). Mahema yalimlisha, na masomo yalimsaidia kusimama mbele ya Wayunani na magavana. Hatusomi popote kwamba aliona haya kwa moja au kwa lingine. Mwanafunzi anayejifunza kushona, kusudea au kufunga mitambo ya jua wakati wa likizo hajaacha masomo. Huenda ndiye atakayepata minervali ya mwaka ujao.

Danieli na wenzake wako karibu nasi zaidi. Mji wao ulikuwa umeshikwa kwa vita, wakapelekwa mbali, wakatiwa katika shule ya mfalme yuleyule aliyewashinda, miaka mitatu ya kujifunza maandiko na lugha ya Wakaldayo. Hawakujua yatawasaidia nini, wala hawakungoja vita iishe ndipo wafungue kitabu.

Sasa, moyo ukichoka, tufanye je? Tusingoje moyo urudi kwanza. Mara nyingi unarudi nyuma ya kazi. Fanya zoezi moja tu kabla ya giza, kwa kuwa kurà haina ratiba. Someni watu watatu pamoja. Mmoja akikosa kuja, wawili waende kwao kumtafuta. Na zaidi ya yote tuache kunakili bila kufahamu. Mwanafunzi anayejaza daftari asizozielewa kwa miaka sita ana haki ya kuchoka, hata mwenye nguvu angalichoka. Siku ukiweza kumweleza mdogo wako nyumbani kwa nini mazuku inalala chini, utaona kwamba usiku ule hukuuliza diplome itasaidia nini.

Walimu wetu pia tunawaomba jambo moja, kwa heshima: mtuambie kila somo linafanya kazi gani hapa kwetu, hata kwa dakika tano. Mwalimu anayefundisha huku prime yake haijalipwa anajua kuliko sisi wote maana ya kuendelea wakati faida haionekani. Pengine atueleze siku moja yeye mwenyewe anafanyaje.

Kwa vikundi vya Ijumaa: someni Danieli 1 na Matendo 18:1-4. Kila mmoja atafute katika avenue yake mtu ambaye kitu alichojifunza shuleni kiliwasaidia majirani, wakati wa volkano, wa Ebola au wa vita, aje kusimulia. Kisha andikeni katika kipande cha karatasi, bila jina, kile kinachowachosha hasa: diplome, minervali, opsyo, au jambo lingine. Karatasi zitiwe katika sanduku lililo karibu na biro ya prefe kabla ya Jumatano.