SOMO LA WIKI: Julai ni mwezi wa kuomba chuo, si mwezi wa kuuza mpunga wote

Mpunga wa bonde la Kilombero huvunwa kwa wingi kati ya Mei na Julai, na hapo ndipo bei yake huwa chini. Matokeo ya kidato cha sita nayo hutoka kipindi hicho hicho, na vyuo hufungua milango ya maombi. Mzazi wa Ifakara, Mang'ula au Mlimba hujikuta akiuliza maswali mawili kwa pamoja: je, kijana aombe shahada ya biashara inayogombewa na wengi? Na je, mpunga uuzwe sasa?

Tuanze na pointi. Alama A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni kufaulu masomo mawili yanayohusika na kozi kwa jumla ya pointi 4. Mwenye D mbili, basi, anaweza kuomba iwapo chuo chenyewe hakijaweka kiwango cha juu zaidi. Lakini kuruhusiwa kuomba si kuchaguliwa. Nafasi zikiwa chache, wenye pointi nyingi hutangulia.

Kwa hiyo maombi yapangwe kwa ngazi. Juu awekwe mgombewa mkuu, mfano Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo chimbuko lake ni kitivo kilichoanzishwa 1979. Katikati kuna Mzumbe, hapa hapa mkoani Morogoro. Ushirika wa Moshi, uliokuwa chuo kikuu kamili 2014, unamfaa anayelenga vyama vya ushirika vya wakulima. Ambaye pointi hazikutosha anaweza kuanzia stashahada, kwa mfano Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanzishwa 1965, kisha aombe shahada akiwa na wastani usiopungua 3.0.

Sasa hesabu. Tuseme ada ni Sh 1,400,000 kwa mwaka, na chuo kinapokea nusu kila muhula. Tuseme pia kilo ya mpunga ni Sh 700 Julai, Sh 800 Oktoba na Sh 1,000 Februari.

Anayeuza Julai ili apate ada yote hutoa kilo 2,000. Anayeuza kwa muhula hutoa kilo 875 Oktoba na kilo 700 Februari, jumla kilo 1,575. Tofauti ni kilo 425, zaidi ya magunia manne ya kilo 100. Toa humo gharama ya ghala na hasara ya wadudu. Kumbuka pia kuwa bei si lazima ipande. Mchele wa nje ukiingia kwa wingi, anayengoja huumia.

Jambo la msingi ni kwamba Julai hakuna chuo kinachodai ada ya mwaka. Kinachotakiwa ni ada ndogo ya maombi, nakala za vyeti na fomu ya Bodi ya Mikopo. Mkopo hujulikana baadaye, muhula ukikaribia. Ukipatikana, usisahau kuwa ni deni: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi alimalize.

Je, yupo asiyepaswa kuomba? Kijana ambaye nia yake ni kununua, kukoboa na kusafirisha mchele anaweza kujifunza sokoni, na fedha ya miaka mitatu ikawa mtaji wake. Lakini anayetaka kutunza vitabu vya AMCOS, benki au kiwanda ataombwa cheti.

Zoezi la wiki: andika pointi za kijana, vyuo vitatu kwa ngazi, na kilo za mpunga zitakazouzwa kila muhula mkopo usipopatikana. Kilo hizo zikizidi zilizomo ghalani baada ya kutenga chakula na mbegu, omba hata hivyo, ila uamuzi wa kwenda usubiri jibu la mkopo.