Shule ya Wapiga Picha za Mifupa

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, mtaalamu wa Ujerumani, alivumbua mionzi ipenyayo nyama na kuonyesha mifupa. Hata vita vilipozuka mwaka 1914, hospitali nyingi za vitani katika Ufaransa hazikuwa na mashine ya mionzi hiyo. Waganga walipasua majeruhi pasipo kujua risasi imekaa wapi. Basi Marie Curie akatengeneza motokaa zenye mashine, akazipeleka karibu na mapigano.

Lakini mashine bila mtu aijuaye haifai kitu. Kwa hiyo tangu mwaka 1916 alifundisha wanawake mjini Paris, akisaidiwa na binti yake Irène, aliyekuwa kijana bado. Walijifunza habari za umeme, za mionzi, na za viungo vya mwili. Kisha wakajizoeza kwa mikono yao. Wapatao 150 walihitimu.

Kazi ile ilikuwa ya hatari, maana mionzi mingi huunguza ngozi na kudhuru damu, na siku zile kinga ilikuwa haba. Siku hizi mpiga picha husoma miaka kadhaa, hufanya mtihani, na husimama nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi. Hujifunza kwanza kumlinda mgonjwa, na kujilinda mwenyewe pia.