Hesabu ya Butura kwa Watoto wa Shule

Ndugu walimu, watoto wetu wa Nyakasimbi wajua kujumlisha na kutoa, lakini ukiwauliza faida ni nini, wengi hujibu, Ni fedha. Basi tuanze na kahawa ya nyumbani, na ile biashara ya butura, yaani kuuza kahawa ingali maua au mbichi mtini.

Tuseme baba ana haja ya fedha za dawa. Mlanguzi ampa shilingi 80,000 kwa gunia litakalovunwa baada ya miezi 4. Wakati wa mavuno gunia lile lauzwa shilingi 200,000. Waulize: Zile 120,000 zimekwenda kwa nani? Watajibu upesi. Tena waulize: Ni riba gani? Hapo watanyamaza, maana hawakujua kwamba kuuza huku ni kukopa. Ni 150 kwa mia, kwa miezi 4 tu!

Wasimcheke baba, mgonjwa hangoji mavuno. Serikali imeikataza butura, nayo yaendelea kwa siri. Ndipo uwafundishe akiba: kama baba angaliweka shilingi 10,000 kwa kila gunia la mwaka jana, magunia 8 yangalimpa zile 80,000, na kahawa ingalibaki yake mtini.